Gari Lenye Ugonjwa wa Heshima

Zephaniah Mghendi,
Afisa wa Mifugo,
Voi.

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Magari.

Ndugu Mhariri, mshauri wa sisi tunaonunua magari yaliyochokwa na wenzetu,

KUH: OMBI LA MAKALA YA KUCHAGUA GARI LISILOTEGEMEKA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumai kwamba nyumbani kwako wote ni wazima na kwamba gari lako, ikiwa unalo, ni bovu kiasi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, afisa wa mifugo katika wadi ya Marungu, mkazi wa Voi, mume wa Rita ambaye ni mwalimu wa chekechea. Sina mazoea ya kuwaandikia wahariri. Mara ya mwisho kulalamika kwa maandishi nililalamikia kupe, na hakuna aliyejibu, wala mkubwa wangu wala kupe.

Mwaka jana ukurasa wenu ulitoa makala ya kumfundisha mtu wa mshahara wa kawaida jinsi ya kuchagua gari dogo lililotumika ambalo atalitegemea. Niliikata kwa makasi, nikaiweka ndani ya Biblia, na nikaifuata neno kwa neno. Mliandika kwamba injini iwashwe ikiwa baridi, basi nikafika kwa mwenye gari alfajiri, kabla hajavua kanga ya kulalia. Mliandika kwamba zulia la ndani liinuliwe kutafuta kutu. Nililiinua, nikanusa, nikapiga chafya. Mliandika lijaribiwe mlimani, nikalipandisha mpaka Wundanyi na kulirudisha. Juu ya hayo niliongeza ujuzi wangu mwenyewe, ule ninaoutumia nikinunua mbuzi Miasenyi: nililizunguka polepole, nikalitazama kwa nyuma likiwa limesimama, nikalipiga kofi ubavuni nione kama litashtuka. Bi Khairat, muuza vitambaa aliyekuwa akiliuza, aliniuliza kama ningependa pia kulihesabu meno. Nilicheka, lakini kusema kweli nilikuwa tayari nimechuchumaa mbele ya taa zake.

Nikalinunua. Ni Vitz ya rangi ya fedha, na nililinunua kwa sababu moja ambayo naiandika hapa mapema ili usidhani mimi ni mtu wa fujo. Nilimwahidi Rita kwamba siku tukipata gari nitampeleka Ziwa Jipe, ambako tulikutana yeye akifundisha na mimi nikichanja ng'ombe. Tungekwenda sisi wawili peke yetu, yeye akiwa amekaa kiti cha mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yote. Sikutaka lingine.

Ni karibu mwaka sasa. Gari halijakataa kuwaka hata asubuhi moja, na Jipe hatujafika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Makala yenu haikumtahadharisha mnunuzi kuhusu siku ya kuombea gari. Kwetu gari jipya halianzi kazi kabla halijafika kanisani, hata kama upya wenyewe ni wa kwako tu na gari lina miaka kumi na mitano. Linaegeshwa karibu na ngazi, milango yote inafunguliwa, mchungaji anaweka mkono juu ya boneti, na mwenye gari anapewa kipaza sauti aseme neno. Neno lenyewe kila mtu analijua. Unasema gari hili si langu, ni la Bwana na la watu wake, waumini wanapiga makofi, mnaenda kunywa chai.

Aliyelisema kabla yangu ni Mwalimu Kaveke, na gari lake huchemka kabla ya kufika Mwatate, kwa hiyo watu wa Bwana walimwachia. Kabla ya Kaveke alilisema Titus wa duka la mabati, ambaye gari lake haliwaki mpaka lisukumwe na vijana wanne, na hao vijana hakuna nafasi ya kuwabeba. Watu wa Bwana walimwachia naye. Mimi nililisema kwa sauti ya kujidai, nikanyamaza kidogo katikati ili litue vizuri, na nyuma yangu kulikuwa na gari linalowaka. Kesho yake kabla sijapiga mswaki, Mama Tryphena wa kwaya alikuwa langoni na magunia mawili ya ndizi. Nilipojaribu kueleza kwamba nakwenda kazini, aliniambia kwa upole, "Si ulisema mwenyewe, Baba Loise? Na tukapiga makofi."

2. Mliwasifu wenye magari mazima bila kuchunguza maisha yao. Mngefanya uchunguzi hapa Voi mngegundua kwamba mtu mwenye gari bovu ndiye anayeheshimiwa. Mwalimu Kaveke, kila kunapotokea safari, husimama wa kwanza na kusema, "Langu lipo, ila sitaki kuwachelewesha njiani." Anashukuriwa kwa moyo wake, anakaa chini, anaendelea na soda yake. Kwenye harambee iliyopita alitajwa miongoni mwa waliojitolea usafiri. Mimi niliyebeba watu mara tatu siku hiyo nilitajwa pia, pale aliposimama dada mmoja na kuuliza kama gari langu huwa linalaza mbuzi, kwa sababu ya harufu.

Ugonjwa kama huo wa Kaveke ndio ninaouita ugonjwa wa heshima. Haumuui mwenye gari wala haumfilisi, na unasikika kutoka mbali ili asilazimike kujieleza.

3. Mliandika "gari dogo" bila kueleza udogo huo unapimwa na nani. Kitabu cha gari kinasema watu watano. Watu wa kwetu wanaposoma watano wanaelewa watano wazima, bila kuhesabu watoto, ambao si watu kamili, wala mama wa mwenye arusi, ambaye hawezi kuachwa. Vitz yangu imebeba sufuria za matanga juu ya paa mpaka Mgange. Imebeba kuku, mahindi, godoro, na mzee mmoja pamoja na mlango wake. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito, akaushika kwa mkono nje ya dirisha njia nzima, na ilibidi nizipunguzie mwendo kona za Wundanyi, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi. Kona hizo nazijua. Nazikata kwa ustadi nilioupata miaka yangu ya pikipiki ya serikali, na abiria wengi hunisifu kwa kunyamaza kimya kabisa, wengine wakiimba tenzi.

4. Kiti cha mbele. Hapa, Ndugu Mhariri, ndipo naandika nikiwa na uchungu wa kweli. Kiti cha mbele cha gari langu kina wenyewe, na hawaishi. Mgonjwa anakaa mbele ili apate hewa. Mzee anakaa mbele kwa sababu ya magoti. Mchungaji anakaa mbele kwa sababu ni mchungaji. Mama mkwe wangu anakaa mbele, na hapo sitoi sababu. Siku ya arusi ya Pauline, binti wa dada yangu, kiti cha mbele kilipewa keki. Ilifungwa mkanda. Mke wangu alikuwa nyuma, kati ya shangazi wawili, ameshikilia kisu cha kuikatia.

Safari nyingine hata nyuma hapatikani, na Rita hupanda bodaboda. Nimewahi kufika mazishini na watu saba nisiowajua vizuri, nikageuka nikamwona mke wangu akishuka pikipiki nyuma yangu, anapangusa vumbi kwenye kitambaa cha kichwa. Alinipungia mkono kwa furaha tu. Mwanamke mwingine angenuna. Mimi niliona aibu mpaka nikashindwa kula pilau.

5. Gari halikufa Kishushe. Nilipoombwa kupeleka wazee wa posa huko, nilikubali haraka kuliko ilivyostahili, kwa sababu barabara ya Kishushe inajulikana kwa kuyamaliza magari makubwa yenye matairi ya maana. Nilijiambia, hapa ndipo utakapougua, rafiki yangu. Sikukwepa jiwe hata moja. Mengine niliyafuata. Wazee waliokuwa ndani walijishika kila mahali palipokuwa na pa kujishika, na wakati wa kurudi waliomba niwashushe mbali na lami wanyooshe miguu kidogo, wakainyoosha kilomita kadhaa. Gari lilirudi Voi limepoteza kifuniko kimoja cha gurudumu. Jumapili iliyofuata mmoja wa wazee hao alisimama kutoa ushuhuda. Alisema alikuwa hajawahi kumwita Mungu kwa jina mara nyingi hivyo katika siku moja, na kwamba gari lile ni muujiza. Simu zangu ziliongezeka mara mbili.

6. Nimejaribu kulitia ugonjwa mwenyewe, nikashindwa. Nililiacha bila mafuta, wakaja vijana wa kanisa na mafuta kwenye chupa ya soda, mmoja akiniambia, "Usijali mzee, tumekusort." Nikasema nimepoteza funguo. Mtaa mzima ulitoka kuzitafuta, wakina mama kwenye majani, watoto ndani ya mitaro, na nilijisikia vibaya hata nikazitoa mfukoni na kusema nimeziokota. Walishangilia. Mwishoni nilikwenda kwa fundi Ndulu na nikamwomba, kwa lugha ya kitaalamu, alitie gari ugonjwa mdogo usio wa kudumu. Fundi Ndulu alinifutia kiti nikae, akaniuliza kama nyumbani kuko sawa. Kisha akampigia simu mke wangu anifuate.

7. Jipe. Tumejaribu mara tatu. Mara ya kwanza Rita alivaa gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya safari hiyo, tukafika Mwatate, na pale njia panda akasimama mjomba wake na mkono juu. Alikuwa na mgonjwa. Tulimpeleka mgonjwa, tukamsubiri, tukamrudisha, jua likazama. Mara ya pili tulitoka mapema na kujificha kama wezi. Tulifika karibu na Maktau, simu ikalia: binti wa jirani ameshikwa na uchungu, na gari linaloaminika ni langu peke yake. Niligeuza. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na wameniahidi wangemwita Zephaniah kama wasingekuwa wameshampa jina la Valentine. Nilifurahi, nakiri. Nilimbeba. Lakini jioni ile Rita alipokuwa akilirudisha gauni la kijani kabatini, nilichofanya ni kumshikia mlango wa kabati.

Mara ya tatu hatukutoka hata langoni. Kwaya ilikuwa imeshaingia garini.

Juzi, tukila, nilimuuliza Rita kama bado anataka kwenda Jipe. Aliendelea kunitilia mchuzi, akasema, "Siku ukipata nafasi kwa gari yako, Baba Loise, utaniambia." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuanzia. Tumeishi pamoja tangu nilipokuwa na pikipiki na nywele, binti yetu Loise yuko chuo kikuu, na sasa mke wangu anazungumza nami kama abiria aliyeachwa kituoni. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilipoliwasha gari likawaka mara moja, nilitamani kulipiga teke.

Kwa sababu hizo zote, Ndugu Mhariri, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

Kwanza, mchapishe makala nyingine, kwa herufi zile zile kubwa, ya kumwelekeza mnunuzi jinsi ya kuchagua gari dogo lililotumika lenye ugonjwa wa heshima. Mwelezeni atambue vipi kelele ambayo ni ya kutisha kwa anayesikiliza lakini si ya hatari kwa anayeendesha. Mwelezeni mlango upi ukikataa kufunguka wazee watakata tamaa, na moshi wa rangi gani humfanya mama mkwe aseme atakwenda kesho.

Pili, makala hiyo ionyeshe kama kuna gari ambalo huugua kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa na kupona Jumamosi alfajiri, likimwona mwanamke mmoja tu amevaa gauni la kijani. Najua hili ni gumu. Lakini mmeandika kuhusu magari yanayojiendesha yenyewe huko ng'ambo, na hilo nalo lilikuwa gumu.

Tatu, ukurasa wenu uishauri serikali kwamba magari yakikaguliwa, yale yanayopatikana na uzima wa kupita kiasi yabandikwe karatasi nyekundu kiooni, ili mnunuzi ajue anakoingia. Mbuzi mgonjwa tunamtia alama. Sioni kwa nini gari zima liachwe lipite sokoni bila alama, likiharibu ndoa za watu.

Nne, ikiwa miongoni mwa wasomaji wenu yuko mtu ambaye gari lake limelala shambani na kuku wanatagia ndani, niko tayari kubadilishana naye. Langu ni safi. Sitamdanganya: linawaka. Atalichukua akijua hivyo, asije akanilaumu baadaye.

Nimeandika haya yote nikiwa na akili timamu, ingawa fundi Ndulu ana shaka. Kama lugha yangu imekuwa kali mahali, unisamehe, ni kwa sababu nimeandika kwa mapumziko mafupi, mara mbili nikiitwa nipeleke mtu stesheni.

Wasalimie wote wa ofisini kwenu, na yule aliyeandika makala ile umsalimie zaidi, umwambie simchukii, alisema ukweli mtupu na ndio uliniponza. Wasalimie madereva wa magazeti. Rita anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Wasalimie pia wote wenye magari mabovu, uwaambie wasiyatengeneze.

Ni mimi, mtumishi wa watu kwa kutopenda,

Zephaniah Mghendi.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Rita aliikuta barua hii mezani akaisoma yote amesimama, akicheka mahali ambapo mimi sikuwa nimeweka kicheko. Alipofika kwenye kiti cha mbele aliacha kucheka, akavuta kiti cha jikoni akakaa karibu nami. Inaonekana hakuna aliyemnyang'anya kiti cha mbele. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akimkaribisha kila mgonjwa na kila mzee akae pale, na ile keki ni yeye aliyeifunga mkanda. Alisema, "Gari haina shida yoyote, Baba Loise. Ni vile unaendesha. Kona unaikata ni kama uko kwa pikipiki. Hao wengine wanapanda sababu hawana gari ingine. Mimi nina bodaboda." Nilimuuliza kwa nini amekaa na neno hilo mwaka mzima. Alisema aliniona jinsi ninavyolipangusa gari kila jioni nikipiga mluzi, akashindwa aanzie wapi.

Makala yenu basi iacheni ilivyo, haina kosa. Ombi la kwanza, la pili, la tatu na la nne nayaondoa. Kesho tunakwenda Jipe, simu zote mbili zimezimwa, na gauni la kijani limepigwa pasi. Usukani utashikwa na jirani yetu Mzee Badawy, aliyeendesha malori maisha yake yote, na kiti cha mbele amepewa mkewe Bi Khamisa, kwa kuwa Rita alishamwalika kabla hata ya kuniuliza. Mimi na Rita tutakaa nyuma. Sijawahi kukaa nyuma ya gari langu, na nilikuwa na wasiwasi wa nafasi kwa sababu Bi Khamisa anakuja na vikapu, lakini Rita anasema watu wawili wanatosha vizuri wakisogeleana.